Mwosha Huoshwa: Nilivyochagua Siku ya Titi Langu

Mimi ni mwoga, na nataka ulijue hilo tangu mwanzo. Ukikutana na wanawake waliopona ugonjwa huu, wengi watakuambia walipiga moyo konde, wakamwachia Mungu, wakavuka. Mimi nilimwachia Mungu na bado nikatetemeka. Nilitetemeka kwenye mabenchi ya hospitali, nilitetemeka nikisali, na uamuzi mkubwa kuliko yote niliufanya huku natetemeka. Nakuandikia wewe uliyeambiwa kwamba titi lako litatolewa, kisha ukaulizwa swali nililoulizwa mimi: lingine tuliunde siku hiyo hiyo, au baadaye?

Kwetu ni Buyenzi, mtaa wa Bujumbura. Mume wangu Shabani ni fundi wa magari. Gereji iko mbele, sisi tunaishi nyuma, na nguo zetu zote zinanuka grisi hata zikifuliwa mara mbili. Mimi, Mwamini, nashona magauni. Lakini mtaani hawanijui sana kwa cherehani. Wananijua kwa sababu ni mwosha maiti. Tuko wanawake watatu ambao huitwa mwanamke mwenzetu wa Kiislamu akifariki, na mkubwa wetu ni Mama Asha, aliyenifundisha kazi hiyo. Hatulipwi. Na tunayoyaona kwenye mwili wa marehemu ni amana. Hatuyasemi hata kwa waume zetu.

Ilikuwa kipindi cha mvua. Asubuhi tulimwosha mama mmoja, nikarudi nyumbani kuoga, maana mwosha naye huoga akimaliza. Mikono yangu ilikuwa bado kwenye kazi, inapita polepole, hairuki mahali. Kwenye titi la kushoto, upande wa kwapa, ikagusa kitu kigumu kama harage lisiloiva. Nikasimama pale, maji yananitiririka mgongoni. Mikono hiyo ilikwisha kukutana na kitu kama kile kwenye miili ya wengine, na wote waliokuwa nacho nilikuwa nimewaosha mimi.

Siku tatu sikumwambia mtu. Siku ya nne nilimwambia Shabani akiwa chini ya gari, ninaona miguu yake tu, kwa sababu usoni nisingeweza. Spana ikanyamaza.

"Rudia," akasema kutoka kule chini.

Nikarudia. Hakutoka haraka. Alipotoka alikuwa amejifuta uso kwa kile kitambaa cha mafuta, na uso wote ulikuwa mweusi isipokuwa mistari miwili chini ya macho.

Mvua zile zote nilizipitia kwenye shimio, ndivyo tunavyoziita zile dawa za mshipani. Nilihesabu majuma kwa sindano: hii ya kwanza, nywele, ya pili, ladha ya chuma mdomoni, ya tatu, kucha zikaanza kuwa nyeusi kama za mume wangu, akanitania kwamba sasa naweza kushika gereji. Benchi la kungojea lilikuwa fupi, sisi wengi. Mama mmoja wa mtaa wa Carama alikuwa akija na termosi ya uji wa mtama, na kikombe cha kwanza alinipa mimi, si kwa sababu tulijuana, bali kwa sababu niliketi karibu. Sijasahau uji ule. Siku nyingine ndicho kitu pekee kilichokaa tumboni.

Mvua zilipokaribia kwisha, daktari wangu wa upasuaji akaniita. Tumwite Daktari Goreti. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, anayevua miwani kila anapotaka kusema jambo zito. Siku ile aliivua kabla sijaketi.

"Bon, Mama Zuhura," akasema. Zuhura ni binti yetu. "Shimio imefanya kazi, ile kitu imepunguka. Sasa titi tunatoa yote. Mwezi wa sita kuna équipe ya madaktari inakuja kutoka inje, iko na docteur mwenye anatengeneza titi ingine. Inakujaka mara moja tu kwa mwaka. Unaweza kufanya siku moja: mi natoa, yeye anaweka. Ao unangoja, unamaliza kwanza mionzi, unaweka mwaka kesho."

"We ungefanya nini, docteur?"

"Siwezi kukuchagulia. Ukiweka sasa, unaamuka uko na kitu kwa kifua. Lakini mionzi ikipita juu yake, inaweza kuiharibu. Ukingoja, unakaa mwaka muzima bila. Nipe jibu siku ya kwanza, Jumatatu. Nafasi ni kidogo."

Mgonjwa haulizwi uji, ndivyo wanavyosema. Mimi nikaulizwa, na ningefurahi sana wasingeniuliza.

"Na icho anaweka," nikasema, "ni kitu gani?"

Akafungua droo, akaniwekea kiganjani kifuko cheupe kinachoonyesha ndani. Kilikuwa baridi, laini, kizito kuliko nilivyodhani.

"Kinaoza?"

"Apana!" akacheka. "Hakiozi hata siku moja. Usiogope."

Alitaka kunituliza. Neno hilo ndilo lililonitisha.

Sasa nikueleze kilichoniingia kichwani, maana ndicho kilichonichagulia. Tunapompokea maiti, kabla maji hayajamgusa, tunatoa kila kisicho chake. Pete, hereni, bangili, meno ya bandia, nywele za kuongezea, plasta za hospitali. Kisha Mama Asha huuliza, kila mara kwa maneno yale yale: "Kuna kitu kingine cha kutoa?" Hatuendelei mpaka mmoja wetu ajibu: hakuna. Basi nikiwa na kifuko kile mkononi, nilijiona juu ya ubao wetu. Nikamwona Mama Asha akiuliza. Nikaona mkasi wetu, ule wa kukatia nguo za marehemu, na wenzangu wawili wakitazamana nani aushike. Sikuwa na shaka hata kidogo kwamba siku hiyo iko karibu. Mwaka, pengine miezi. Kitu kisichooza, ndani ya mtu anayeoza, kitatolewaje?

Utasema, si ungemwuliza Mama Asha, si ungemwendea shehe? Ningeweza. Lakini kuuliza kulikuwa ni kutamka kwamba nakufa, na ulimi wangu haukuwa tayari. Halafu aibu. Mwosha wa miaka kumi na tano aende kuuliza habari ya titi lake!

Shabani alitaka siku hiyo hiyo. Alikuwa na hoja yake ya gereji, mfano wa injini, na aliniletea akiwa ameketi kwenye kizingiti, ananawa mikono kwa sabuni ya unga.

"Mama Zuhura, moteri ukisha kuifungua, unamaliza kila kitu mara moja. Haufungi alafu mwaka kesho unafungua tena. Kila ukifungua, unaongeza hatari."

"Mi si moteri."

"Najua. Lakini mi najua moteri, sijui kingine. Nisaidie nielewe."

Sikuweza kumsaidia. Nilisema tu, "Nataka baadaye."

Akaacha kunawa. "Baadaye. Na we mwenyewe unaamini itafika, hiyo baadaye?"

Nilikana, nikainuka, nikajifanya nina sufuria jikoni. Alikuwa amegonga palepale. Mimi sikuwa nangoja titi la mwaka ujao. Nilikuwa napanga kufika kaburini bila kitu cha kukatwa. Yeye akaenda gereji akaanza kugonga bodi ya gari ambayo sidhani ilihitaji kugongwa. Juma zima tulizungumza kupitia kwa Zuhura. Mwambie baba yako chakula tayari. Mwambie mama yako sina njaa. Zuhura, miaka ishirini, akawa anapita katikati yetu macho chini, na unene aliokuwa nao ukapungua.

Jumatatu nilimwambia daktari: baadaye. Aliandika bila kuniuliza sababu. Namshukuru na namlaumu kwa hilo.

Upasuaji ulifanyika jua la kiangazi likiwa limeshaanza kukausha mifereji. Kabla ya kuingizwa ndani, muuguzi kijana alikuja na karatasi yake.

"Mama, toa pete. Hereni. Bangili. Meno ni yako yote?"

"Yangu."

"Kuna kitu kingine cha kutoa?"

Maneno yale yale. Nikatazama shuka jeupe nililofunikwa, nikatazama kitanda chembamba, nikaanza shahada kwa sauti. Yule binti alikuwa na msalaba shingoni. Akaweka karatasi chini, akanishika mkono, akangoja mpaka nikamaliza. Hakunihimiza. Halafu ndipo akasukuma kitanda.

Niliamka. Kwa siku tisa sikutazama. Nilijua kwa uzito tu: nilikuwa nalalia upande mmoja kama mashua iliyopakiwa vibaya, na mrija ulinitoka ubavuni ukiingia kwenye chupa niliyotembea nayo mfukoni. Mkono wa kushoto haukupanda juu ya bega. Siku ya kumi, kwenye kioo cha kabati, niliona mstari kutoka katikati ya kifua hadi kwapani, na ngozi imelala bapa juu ya mbavu. Haikunitisha kama nilivyoogopa. Kilichonitisha ni kwamba niliijua ngozi ya namna ile, na sikuwahi kuiona kwa mtu aliye hai.

Zuhura alinishonea kifuko cha pamba, akakijaza choroko ili sidiria ikae sawa. Nilikivaa nyumbani kila wageni walipokuja, kwa joto lile la Bujumbura. Juma la pili kikaanza kunuka. Tulipokifungua, choroko zilikuwa zimeota, na vijimizizi vyeupe. Zuhura alicheka mpaka akaketi chini. Mimi pia nilicheka, kisha nikaingia chumbani nikalia, kwa sababu hata choroko ziliona huu ni mwili wa kuishi ndani yake na mimi nilikuwa sijaona.

Nyuzi zilipotolewa, Mama Asha akaja na beseni lake.

"Unanuka kama gereji," akasema. "Vua. Leo nakuogesha mi."

Niliketi kwenye kigoda bafuni, kanga kiunoni. Akachanganya maji ya moto na ya baridi, akayajaribu kwa kiwiko. Halafu akachukua kitambaa, akakizungusha mkononi, akafunga fundo. Ndivyo tunavyofanya. Mwosha hafiki kwenye sitara ya maiti, sehemu zake za siri, kwa mkono mtupu.

Nilipiga yowe. "Toa! Toa icho kitambaa! Mi sijafa!"

Mama Asha akautazama mkono wake kana kwamba umefungwa na mtu mwingine.

"Astaghfirullah," akasema. "Miaka makumi ine, Mwamini. Mukono unajifunga yenyewe."

Akakifungua, akakitupa pembeni, akaanza kucheka, nami nikaanza kulia, na katikati ya kulia yakanitoka yote. Kifuko, mkasi, ubao, Jumatatu ile. Alinisikiliza huku ananimwagia maji, kata moja baada ya nyingine, upande mzima kwanza. Nilipomaliza, alinitajia marehemu mmoja. Jina sitaliandika.

"Yule wa ajali ya pikipiki. Alikuwa na nini mu paja?"

"Chuma."

"Tulijuaje?"

"Ncha yake ilikuwa inaguswa chini ya ngozi."

"Tulikata?"

"Apana."

"Nani alikuwa anamwanga maji siku ile?"

"Mi."

"Na nani aliniuliza, 'Mama, na hii chuma?' Nilimujibu nini uyo mutu?"

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata kata niliyoshika. Alinijibu kwamba chenye kiko ndani ya ngozi ni chake, na kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuvunja wa mutu muzima. Nililijua jibu kwa miaka mingi. Niliwahi hata kumfundisha mwenzetu wa tatu. Hofu iliingia, ikachukua elimu yangu yote, ikaniachia mkasi.

"Basi nimekosa," nikasema. "Nimetupa nafasi yangu bure."

"Umekosea sababu. Kama umekosea siku, iyo mi sijui." Akanikausha mgongo. "Enda umwambie mume wako. Leo."

Nilimwambia Shabani palepale gereji, safari hii usoni. Alinisikiliza akiwa ameshika boliti moja, anaizungusha vidoleni.

"Kumbe," akasema mwishowe, "we uliogopa kukatwa ukiwa umekufa. Na mi niliogopa wakukate mara mbili ukiwa muzima."

"Ningekuambia, ungecheka."

"Ningecheka. Alafu ningekushika mukono." Akanishika, na grisi yake yote.

Kiangazi kilichobaki nilikimalizia nchi jirani kwa ajili ya mionzi, kwenye chumba cha kupanga, na Zuhura akinipikia. Ngozi ya kifua ikawa nyeusi, ikabambuka, ikapona ikiwa ngumu. Niliporudi nilimwuliza Daktari Goreti: kama ningeweka siku ile, kingeharibika?

Alivua miwani. "Pengine. Pengine apana. Nikikuambia najua, nakudanganya."

Kwa hiyo usinielewe vibaya. Sikuambii kungoja ni bora. Yule mama wa Carama aliyeninywesha uji alifanya siku hiyo hiyo, akaamka na kitu kifuani, na hadi leo anamshukuru Mungu. Usichukue siku yangu ukaifanya yako. Chukua jambo moja tu. Kabla ya Jumatatu yako, jiulize unaogopa nini hasa, hasa kabisa, hata kama ni upuuzi, kisha umwambie mtu mmoja. Mimi niliamua jambo la mwili wangu wote nikiwa nimeshikwa na hofu ambayo mzee mmoja mwenye beseni aliijibu kabla maji hayajapoa.

Mvua zikaja, zikaondoka. Mwaka uliofuata madaktari wa kutoka nje wakarudi, na Daktari Goreti akaniuliza tena. Sasa, au mwaka mwingine? Safari hii walitaka kuchukua nyama ya mgongoni kufunika ile ngozi iliyokakamaa, na kifuko kikae chini yake. Patafunguliwa mahali pawili.

Usidhani nilikuwa nimekomaa. Niliogopa kuliko mara ya kwanza. Mara ya kwanza nilijihesabu nimekufa, na aliyekufa hana cha kupoteza. Sasa nilikuwa nimeanza tena kushona, nimeanza kula pilau kwa hamu, nimeanza kugombana na Shabani juu ya mambo madogo. Nilikuwa na cha kupoteza. Vipimo vilikuwa vizuri, na kila vilipokuwa vizuri niliogopa zaidi.

"Moteri si yangu," Shabani akasema nilipomtazama. "Ukisema tufungue, tunafungua. Ukisema tuache, inatembea hivi hivi, mi napanda."

Nilimtupia kiatu. Halafu nikaenda kwa Mama Asha, nikamkuta anachambua mchele.

"Nataka sasa," nikamwambia. "Si kwa ajili ya watu. Mi mwenyewe nimechoka kujiosha kama maiti. Lakini mama, siku mukinipokea, muniache nacho."

Hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Siku yako? Kwenye iyo foleni mi ndiye wa mbele. Mwosha huoshwa, na mi nataka mukono wako, si wa mutu mwingine. Enda, wakutengeneze, upone haraka. Nimeshazeeka."

Nikaenda. Niliamka na maumivu mgongoni na kifuani, na Shabani kwenye kiti, amevaa shati lake la Idi. Mkono ulichukua miezi kupanda juu ya bega, lakini ulipanda. Titi hili halifanani na lile. Ni gumu kidogo, halina hisia, na linapoa kabla ya mwili wote nikioga. Najifunza kulizoea. Kila nikioga mikono yangu hupita pande zote mbili, polepole, hairuki mahali, na mpaka leo kila mara roho yangu huwa mkononi hadi nimalize.

Juzi nilirudi hospitali kwa marekebisho madogo, ya kumalizia umbo. Sikufikiri ningetetemeka kwa jambo dogo hivyo, lakini nilitetemeka. Nikafunikwa shuka jeupe. Muuguzi akaja na karatasi yake. Hakuwa yule wa kwanza, lakini karatasi ni ile ile.

"Pete, mama. Hereni. Bangili."

Nikampa, kimoja kimoja.

"Kuna kitu kingine cha kutoa?"

"Kiko kimoja," nikasema. "Lakini icho nitazikwa nacho."

Akanitazama, akatazama kifua changu, akainama juu ya karatasi yake na kuandika: hakuna.